Goti halikunji, darasa linaendelea

Wiki niliyorudi kufundisha yoga baada ya ajali, nilishuka kwenye mkeka kuwaonyesha wanafunzi 11 mkao wa njiwa, ule wa kukunja goti moja mbele yako sakafuni, nikashindwa kuinuka. Goti la kulia lilikaza kama bawaba yenye kutu. Nikasema kwa sauti tulivu, "Sasa tufumbe macho, tusikilize pumzi." Walipofumba nikajikokota kwa makalio hadi ukutani, nikashika nondo za dirisha, nikasimama. Utulivu wa siku ile ulichukua dakika 7. Mwanafunzi mmoja aliniambia baadaye kwamba hajawahi kutulia vile tangu aanze yoga.

Nawaandikia ninyi mliomaliza mafunzo ya ualimu wa yoga ya saa 200 juzijuzi, hasa wewe ambaye mwili wako una kasoro unayoificha. Mimi nafundisha Mombasa, katika ukumbi wa kukodi wenye sakafu ya vigae. Miaka 6 iliyopita bodaboda niliyopanda iligongana na tuktuk, kano la ndani ya goti likakatika, na baada ya upasuaji goti langu hufika digrii 90 likakoma hapo. Mkao wa mtoto, ule wa kukalia visigino na kuinamisha paji la uso chini, mimi sitaufanya tena. Kwa miezi 4 nilijikaza kisabuni, nikiwaonyesha watu mambo ambayo goti lilikuwa linanililia niyaache. Kila Jumatano usiku barafu, kila Alhamisi asubuhi naonyesha tena. Ulikuwa upuuzi mtupu, na sababu yake ni kwamba sikujua kufundisha kwa njia nyingine. Nilijua kufanya, basi wakanifuata.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: waambie. Sentensi moja tu mwanzoni mwa darasa, bila hadithi ya ajali wala ya daktari. "Goti langu la kulia halikunji, kwa hiyo mikao mingine nitaieleza kwa mdomo." Niliposema hivyo mara ya kwanza, mama aliyekuwa safu ya nyuma akainua mkono akasema na yeye bega lake halipandi. Halafu mwingine, kiuno. Halafu kijana niliyemdhani mzima kabisa, kifundo cha mkono. Walikuwa wananificha kama nilivyokuwa nawaficha.

Kufundisha kwa mdomo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. "Nyoosha mgongo" haimwambii mtu kitu, kila mtu anaamini mgongo wake umenyooka. Mwambie afanye tendo moja dhidi ya kitu anachokigusa: "Sukuma sakafu kwa ukingo wa nje wa mguu wa nyuma." Kisha nyamaza, mpe pumzi 2 afanye. Walimu wapya wengi huongea mfululizo kama mtangazaji wa mpira, na mwanafunzi hajui afuate sentensi ipi. Majina nayo yanasaidia. Ule mkao wa mbwa, viganja na nyayo chini na makalio juu, mimi nauita paa la makuti, na kila mtu wa pwani anajua papo hapo kilele kiko wapi na miteremko miwili iko wapi. Jina la mkao wa kumalizia darasa sikulitafsiri tena tangu niliposema "tulale kama maiti" na bibi mmoja akaketi wima huku akisema astaghfirullah. Siku hizi tunalala chali tu.

Faida ambayo sikuitarajia ni macho. Nilipokuwa naonyesha, nilikuwa naona dari, au vidole vyangu vya miguu. Sasa nazunguka na kuona nani amebana taya, nani ameacha kupumua, mguu wa nani unatetemeka.

Jambo la pili ndilo kubwa, na nilifundishwa na mwanafunzi. Ni mama mtu mzima, magoti yote mawili yameisha, huswali kwa kiti mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa namwomba radhi kwamba mkao wa shujaa, ule wa kusimama miguu imetanuliwa na goti la mbele limekunjwa, hautamfaa, akanikata kauli: "Mwalimu mwanangu, asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Swala ni ile ile. Hii yako ina nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikauchukua mkao mmoja mmoja na kujiuliza: huu unafanya kazi gani? Si unafananaje. Shujaa wa pili, kwa mfano, kazi yake ni kufungua nyonga, kuamsha mguu wa nyuma, kusimamisha kiwiliwili na kutanua mikono bila kupandisha mabega. Basi yule mama nilimkalisha upande juu ya kiti, paja la mbele limelala juu ya kiti chote na wayo umekanyaga sakafu, mguu wa nyuma umenyooka nje ya ukingo. Akasukuma sakafu kwa mguu ule wa nyuma, akatanua mikono. Baada ya pumzi ya tatu jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Kumbe hii ni kazi," akasema.

Kuhusu kiti chenyewe: usitumie vile vya plastiki vya harusini juu ya vigae. Miguu yake hutanuka na kuteleza, na siku moja itamwangusha mtu. Chukua cha mbao au cha chuma, kiegemeze ukutani, weka mkeka wa yoga chini ya miguu yote minne. Badala ya mkanda wa kuvutia mguu usiofikiwa na mkono natumia leso iliyosokotwa, ya pamba, maana ya poliesta huteleza mkononi. Na kwa wasioweza kukunja miguu chini nina vigoda. Wazo lilitoka jikoni: nilimkuta jirani yangu, ambaye hukataa katakata kuketi sakafuni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi nusu saa nzima, mgongo umesimama kama mnazi. Inchi chache tu za urefu ndizo zilizokuwa zinamtenga na mkeka.

Usione haya kwa vifaa hivi. B.K.S. Iyengar wa India, aliyezaliwa 1918, alikuwa mtoto wa maradhi: malaria, kifua kikuu, homa ya matumbo. Kamba, mikanda na vipande vya mbao vilivyojaa madarasani leo vilienea kwa sehemu kubwa kupitia kwake, na mwaka 1979, baada ya ajali ya skuta, alilazimika kuyajenga upya mazoezi yake mwenyewe. Matthew Sanford wa Marekani amepooza kuanzia kifuani kwenda chini tangu ajali ya gari ya 1978, akiwa na miaka 13, naye ni mwalimu wa yoga.

Sasa kosa langu baya kuliko yote, nalo nililifanya goti likiwa zima. Mwanamke mmoja alikuwa ameinama mbele, nami nikamkandamiza mgongo kwa viganja viwili ili ashuke zaidi. Tulisikia sote, mlio mdogo nyuma ya paja. Alitembea akichechemea kwa miezi, na hakurudi. Usimsukume mtu. Ukitaka kugusa, uliza kwanza, kisha mpe mkono wako ausukume yeye.

Kabla ya darasa uliza maswali, tena faraghani, kwa sababu hakuna atakayetangaza presha yake mbele ya majirani. Mwenye presha asizuie pumzi, na ainuke polepole, hasa kama anameza dawa. Mwenye presha ya macho asiwekwe kichwa chini. Mifupa ikiwa imedhoofika kwa umri, acha kuinama mbele kwa mgongo wa duara, pingili zinaweza kupasuka. Mwenye kisukari mfanyishe mazoezi ya kusimama mguu mmoja karibu na ukuta, kwa kuwa huenda hahisi nyayo zake vizuri, na zikague nyayo hizo akiruhusu. Aliyebadilishwa nyonga akuletee masharti aliyopewa na daktari wake, usibahatishe. Na ukiulizwa usilolijua, mwambie akamuulize mtaalamu wa tibamaungo. Mimi mwenyewe namwona wa kwangu kila mwezi.

Mwezi uliopita nilipata msaidizi, binti wa miaka 24, magoti yake yanakunjika kama karatasi. Mimi nikishuka kwenye mkeka nashika kiti kwa mikono miwili, naunyoosha mguu wa kulia nyuma, natua kwa goti la kushoto, kisha nazungusha kiuno na kuketi kwa tako moja kwanza. Jumatatu nilimwachia darasa nikakaa nyuma kumtazama. Akashika kiti kwa mikono miwili, akanyoosha mguu wa kulia nyuma, akatua kwa goti la kushoto. Na safu nzima ya mbele, watu wazima na afya zao, wakageuka kutafuta viti.