Korosho ya kwenye kanga ina maana gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasomea uchoraji wa vitabu hapa Bagamoyo. Somo la utamaduni wa picha na nadharia ya uhakiki linanitesa. Tumeambiwa kila mtu achague picha moja inayomzunguka aichambue kwa maneno 2,000. Nimechagua kanga ya bibi yangu, nyekundu na nyeusi, ina korosho na jina lake ni "Usisafirie nyota ya mwenzio". Rafiki yangu amenunua kwa simu faili la maana za rangi na alama. Linasema nyekundu ni mapenzi au hatari, nyeusi ni huzuni, korosho ni utajiri. Nikilifuata nitafaulu? Na kwa kweli, mtu anayetaka kuchora tu, nadharia inamsaidia nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Faili hilo lifute, na rafiki yako mwambie pesa yake imekwenda. Kila mwaka naletewa orodha za namna hiyo. Majalada yanabadilika, ndani ni yale yale: rangi upande wa kushoto, maana upande wa kulia, kama bei za dukani. Aliyekuuzia hajaiona kanga ya bibi yako, lakini anajua inasema nini. Tabibu gani anatoa dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi?

Tuchukue hiyo korosho, maana yenyewe inatosha kuliumbua faili zima. Umbo lile la tone lililopinda ncha halikuanza kama korosho. Lilitoka Uajemi na India, likasafiri kwenye shali za Kashmir, na huko Uskoti lilifumwa kwa wingi katika mji wa Paisley hadi Waingereza wakaliita kwa jina la mji huo. India wapo wanaoliita embe. Sisi wa pwani, tuliokulia chini ya mikorosho, tulipoliona kwenye kitambaa tukasema korosho. Na mkorosho wenyewe ni mgeni kwetu, Wareno waliuleta kutoka Brazili. Sasa huo utajiri umekaa wapi? Kwenye embe, kwenye mji wa wafumaji, au kwenye korosho? Umbo ni moja, na kila aliyelitazama kaona cha kwao.

Kosa hili ndilo linalonichosha kuliko yote: kudhani nadharia ni kamusi. Kwamba kila alama ina maana yake imefungiwa ndani kama punje ndani ya ganda, na kazi ya msomi ni kubangua. Nenda na hiyo "nyeusi ni huzuni" kwenye harusi yoyote ya mtaani kwetu, uhesabu mabuibui. Nyeupe nayo orodha itakwambia ni usafi, wakati ndiyo kanzu ya Idi na ndiyo sanda. Aliyezika juzi haioni kama anayeelekea msikitini siku ya sikukuu. Au mchore mtoto wa darasa la tatu amevaa fulana ya kijani yenye kola ya njano, kisha umpelekee mhariri wa vitabu. Hatataja uhai wala matumaini. Atakuuliza kwa nini mtoto wako ni Yanga, na kama ni mwaka wa uchaguzi atakuuliza swali zito zaidi ya hilo.

Mwaka 1964 Mfaransa Roland Barthes, mhakiki wa maandishi na picha, alichambua tangazo la tambi za Panzani. Mfuko wa wavu wa kwendea sokoni umefunguka, pakiti za tambi zinachungulia, kopo, nyanya, vitunguu, pilipili hoho na uyoga, vyote juu ya rangi nyekundu. Alisema picha ile yote inanukia Uitaliano. Wanafunzi huishia hapo, wakaandika "nyanya ni Uitaliano" na kufunga daftari. Lakini Barthes aliendelea: Uitaliano ule ni ujuzi wa Mfaransa, Mwitaliano mwenyewe angeuona kwa shida. Kwake hizo ni nyanya. Mstari huo ndio uti wa mgongo wa hoja yake, na ndio wauza orodha wanaouruka.

Katika andiko hilo hilo ana neno ambalo sisi wa pwani tulipaswa kulidaka haraka: nanga. Anasema picha huelea na maana nyingi, na maneno yaliyoandikwa juu yake huitia nanga isimame kwenye maana moja. Lipeleke neno hilo kwenye kanga yako. Una pindo pande zote, una mji katikati, na ndani ya mji kuna jina. Je, jina "Usisafirie nyota ya mwenzio" linaitia nanga ile korosho? Haliigusi hata kidogo. Korosho ingewekewa jina jingine kesho na ingekaa vile vile. Barthes alikuwa na namna ya pili, ambapo picha na maneno husaidiana kusema jambo moja, kama katika vibonzo, lakini na hiyo pia haiingii vizuri hapa. Basi umepata insha. Pale nadharia ya mtu wa Paris inapogoma kuingia kwenye kitambaa cha bibi yako, ndipo pa kuanzia kuandika. Kwa sababu jina la kanga halisemi na picha. Linasema na mtu.

Mtu gani? Hilo hulijui mpaka uulize. Stuart Hall, mtaalamu wa utamaduni mzaliwa wa Jamaika aliyefundisha Birmingham, Uingereza, alieleza mwaka 1973 kwamba anayetuma ujumbe anaufunga kwa namna yake na anayeupokea anaufungua kwa namna yake: ataukubali, ataukubali nusu nusu, au ataupinga. Yeye alikuwa anazungumzia televisheni. Wewe kaa na bibi mkekani umwulize. Kanga alinunua mwenyewe au alipewa? Aliivaa siku gani, mbele ya nani? Jirani alinuna au alicheka? Doti moja hiyo hiyo, ikitoka kwa mume ni zawadi, ikipita mbele ya mke mwenza ni kombora. Kisha ikunjue yote uangalie ukingo kabisa, nje ya pindo, mara nyingi kuna maandishi madogo ya kiwanda au ya mwenye mchoro. Kanga nyingi za zamani zilichapwa India, Uingereza, Uholanzi na Japani kwa ajili ya wanawake wa pwani, na majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nani alichora, nani alichapa, nani aliamua yapi yatauzika: hayo ndiyo maswali ya nadharia ya uhakiki, na majibu yake yamo mikononi mwako wala hayamo kwenye simu ya rafiki yako.

Umeuliza nadharia inamsaidia nini mchoraji. Miaka ya nyuma nilichora kitabu cha kusoma cha watoto. Hadithi ilitokea kijiji cha pwani. Nilichora misonge, zile nyumba za duara zenye paa la nyasi, nikazipanga vizuri chini ya mbuyu. Nilipokwenda Kaole kukijaribu, mtoto mmoja wa kike aliweka kidole juu ya nyumba akaniuliza, "Hawa wanakaa wapi?" Alikuwa amezaliwa na kukulia kwenye nyumba ya pembe nne, ukuta wa udongo, paa la makuti. Mimi pia. Nilipita mbele ya nyumba zile kila siku, na mkono wangu bado ulichora msonge, kwa sababu kila picha ya "kijiji cha Afrika" niliyowahi kuiona, kwenye kadi za posta na kwenye vitabu vya wengine, ilikuwa na msonge. Penseli yangu ilikuwa safi kabisa, mistari haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni kujiuliza picha iliyo kichwani mwangu niliipata wapi na ilichorwa ili nani aione. Kuchora vizuri hakukuniokoa, na wewe hakutakuokoa.

Ndiyo maana nakasirika na hizi njia za mkato, na sasa zimekuwa nyingi. Kuna wanaouza insha nzima. Kuna wanaoagiza programu iwaandikie, wanaleta kurasa zenye majina ya wanafalsafa sita na hakuna kanga hata moja ndani yake. Kuna na hii ya milango yetu ya kuchonga hapa Bagamoyo: mwanafunzi anamsikiliza mtembeza wageni dakika kumi, anarudi ameandika mnyororo ni utumwa, samaki ni uzazi, ua ni nini sijui. Nauliza, alisema nani? Fundi? Mwenye nyumba? Au aliyekuja baadaye kabisa akahitaji jambo la kuwaambia wageni? Mnyororo katika mji huu si neno la kurusha ovyo, watu walipitishwa hapa wamefungwa kweli. Ukibandika utumwa kwenye kila pambo lenye pete zilizoshikana bila kuuliza nani alichonga na lini, unawadhulumu wale waliofungwa na unamdhulumu fundi.

Mwaka jana mwanafunzi aliniletea insha ya kununuliwa, nayo ilikuwa ya kanga. Kiswahili kizuri, aya zimepangika. Nilimwomba aniletee kanga yenyewe. Aliileta ikiwa bado imekunjwa na karatasi ya dukani, doti haijakatwa. Nikamwomba anisomee jina lake. Akaanza kuikunjua.