Plagi mbili za nyuma kwenye Subaru, na kwa nini mafundi huziruka

Mwaka jana nilitoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri kwenda Kisumu kwenye matanga ya mjomba. Subaru Forester yangu ni ya mwaka 2003, injini EJ20, na wiki tatu kabla ya safari hiyo nilikuwa nimeipeleka gereji moja hapa mjini kubadilishwa plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Nililipia nne. Mpaka Salgaa hakukuwa na neno. Mlima wa kuelekea Mau Summit ulipoanza, gari likatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikikanyaga mafuta linanguruma tu bila kuvuta, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Taa hiyo ikimetameta namna hiyo, punguza mwendo papo hapo. Maana yake silinda mojawapo haichomi, na petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi ambako inaungua na kuiharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi. Mimi niliegesha, nikapumzisha injini, kisha nikaenda polepole mpaka Kericho na kuteremka Ahero nikiwa nyuma ya malori. Nilifika mazishini nimechelewa.

Kesho yake binamu yangu alinipeleka kwa fundi mmoja mzee karibu na soko la Kibuye. Aliisikiliza injini kidogo tu ikiunguruma, akaniuliza, "Plagi ulibadilisha lini, mwanangu?"

"Wiki tatu zilizopita, mzee. Zote nne."

Hakusema kitu. Alisubiri injini ipoe, tukazifungua moja moja, akazipanga juu ya kipande cha gunia jinsi zilivyokaa ndani ya injini. Mbili za mbele zilikuwa mpya, kauri nyeupe, maandishi yanasomeka. Mbili za nyuma zilikuwa na kutu shingoni, ncha imelika hadi ikawa mviringo, na pengo la kurushia cheche limepanuka kupita mara moja na nusu ya lile la plagi mpya. Sikuhitaji kuelezwa. Aliyenibadilishia alifanya zile ambazo mkono unafika, akafunga boneti.

Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu barabara ile ya Mau Summit si mahali pa gari kuishiwa nguvu katikati ya malori. Ndiyo maana naandika haya.

Injini ya Subaru ya aina hii ina silinda zilizolala, mbili kila upande. Kwa hiyo plagi hazitazami juu kama kwenye Toyota nyingi, zinatazama magurudumu. Kati ya tundu la plagi na chuma cha bodi kuna nafasi ya kiganja tu. Upande wa dereva kuna silinda ya 1 mbele na ya 3 nyuma, upande wa abiria ya 2 mbele na ya 4 nyuma. Ya 3 na ya 4 ndizo zinazorukwa.

Nilimwomba mzee aniruhusu nizifunge mimi huku akinielekeza. Tangu siku hiyo nimeifanya kazi hii peke yangu nyumbani mara mbili, na kila mara sehemu kubwa ya muda ni kuondoa vitu njiani na kuvirudisha. Kufungua plagi zenyewe ni dakika chache. Ukijaribu kupenyeza mkono pembeni ya betri ili uokoe muda, utachubuka vidole, utapindisha soketi, na utapasua kauri ya plagi ikiwa bado imo ndani. Toa betri yote, ukianza na waya wa hasi. Spana namba kumi inatosha. Kwenye gari langu naondoa pia tangi la maji ya waipa. Upande wa dereva naondoa kisanduku cha chujio la hewa pamoja na bomba lake. Ghafla unaziona plagi kwa macho yako badala ya kupapasa.

Injini iwe baridi kabisa. Vichwa vya silinda ni vya alumini, na ukilazimisha plagi ya chuma itoke injini ikiwa moto inaweza kutoka na thredi za alumini, ile mikunjo ya kukazia, zikiwa zimeshikamana nayo. Mimi huanza asubuhi kabla gari halijawashwa.

Soketi ya plagi zangu ni ya milimita 16, ile ndefu yenye mpira ndani unaoshika plagi. Hapa ndipo mzee alinifundisha jambo ambalo peke yangu nisingelijua. Usiunganishe soketi, ekstensheni (fimbo ya kurefusha) na racheti (mpini wa kuzungushia) ukiwa umesimama kisha ujaribu kuviingiza. Havitaingia, chuma cha bodi kinazuia. Ingiza soketi peke yake tunduni mpaka iikalie plagi. Halafu chomeka ekstensheni fupi ya inchi 3. Halafu racheti. Unaviunganisha humo humo ndani, na wakati wa kutoa unavitenganisha humo humo. Kiungo cha soketi na ekstensheni kizungushie selotepu ya umeme, la sivyo utavuta ekstensheni na soketi ibaki imeng'ang'ania plagi ndani ya shimo.

Kabla ya hapo kuna kofia ya waya. Ishike kofia yenyewe, izungushe kushoto na kulia mpaka iachie, ndipo uvute. Ukivuta waya utaukata ndani na hutaona kwa nje. Fanya silinda moja uimalize ndipo uende nyingine, maana koili ya gari hili, inayozipa plagi umeme, inapiga moto kwa jozi, 1 na 2, 3 na 4, na waya zikibadilishana nafasi injini haitaenda sawa.

Puliza tundu kabla ya kulegeza plagi. Anayeendesha barabara za vumbi za Njoro anajua kilichomo humo. Mzee alitumia pampu ya baiskeli iliyofungwa kipande cha mpira mwembamba, nami nimeiga. Punje moja ya mchanga ikidondoka ndani ya silinda inakwangua ukuta wake. Ukikuta mafuta ya injini yamejaa tunduni, yafyonze kwa kitambaa kwanza, na ujue sili za tundu la plagi, mipira ya kuzuia mafuta, zimechoka. Zinabadilishwa pamoja na gasketi ya kava ya vali.

Siku ile tukizifungua, ya 4 ilikataa. Niliivuta racheti mpaka mishipa ya mkono ikasimama. Mzee akaniwekea mkono begani, "Pole pole. Irudishe kidogo." Akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, tukanywa chai, kisha akanifanya nilegeze robo mzunguko, nikaze kidogo, nilegeze tena. Kila mara ilitoa mlio wa kukwaruza, kama msumari kwenye bati. Baada ya kwenda na kurudi hivyo mara nyingi ikatoka nzima. Mkitumia nguvu zote kwa mara moja, mnaweza kukata plagi shingoni, na hapo ni kuvua kichwa cha silinda.

Kurudisha ndiko kunakoharibu magari mengi. Plagi mpya usiianze kwa racheti. Tafuta mpira wa petroli wa urefu wa sentimita 30 hivi, uchomeke kwenye ncha ya juu ya plagi, uiingize tunduni na kuizungusha kwa vidole. Plagi ikiingia upande, mpira utateleza wenyewe kabla thredi hazijaharibika. Racheti haina huruma hiyo. Ikishaingia mikunjo yote kwa vidole na kukaa, ndipo uchukue soketi uikaze nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili, ili pete yake ibanwe. Mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza apige Nm 21 hivi. Watu hupaka grisi ya shaba kwenye thredi. NGK, watengenezaji wa plagi, wanasema plagi zao zimepakwa utando wa metali wa kukinga kutu na hazihitaji, na grisi hiyo inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Mimi siipaki.

Kuhusu plagi yenyewe, fuata namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Za kawaida mimi nazibadilisha kila kilomita 40,000. Za iridiamu, zenye ncha ya metali ngumu ya jina hilo, zinakwenda mbali zaidi, hadi 100,000, na kwa injini ambayo kufikia plagi ni kazi ya nusu siku, mimi nanunua iridiamu. Bei inakuwa kubwa lakini unafungua mara moja. Usizipime pengo kwa kuzigonga au kuzipinda na sarafu, ncha yake ni nyembamba kama sindano na inavunjika. Plagi bandia zipo madukani, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye utamkuta kesho akikosea.

Za zamani ziangalie kabla ya kuzitupa. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, injini inapewa petroli nyingi. Iliyolowa mafuta ya injini, mafuta yanapenya kutoka mahali. Nyeupe kama chokaa, inachoma moto mno.

Na kama huwezi kuifanya mwenyewe, mpelekee fundi lakini kaa hapo hapo. Mwambie kabla hajaanza: plagi nne za zamani nazitaka mkononi, zipangwe moja mbili tatu nne. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mimi sasa naandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito juu ya kisanduku cha chujio la hewa, pamoja na neno "zote nne".