Je, Filamu Isiyo na Kisa Inastahili Sifa? Swali Kuhusu Amarcord

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tuna desturi ya kukutana na kutazama filamu za zamani, na hivi karibuni tulitazama Amarcord ya mwongozaji Federico Fellini, tukiwa tumeambiwa kwamba ni miongoni mwa filamu bora kabisa za Italia. Baadhi yetu waliipenda mno, lakini wengine, nami nikiwemo, tulingoja kisa kianze mpaka filamu ikaisha. Isitoshe, namna wanawake walivyoonyeshwa ilitukera. Je, hatukuielewa, au imesifiwa kupita kiasi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, kisa mlichokingoja kwa kweli hakimo. Fellini alizaliwa Rimini mwaka 1920, na katika filamu hii ya mwaka 1973, aliyoiandika pamoja na mshairi Tonino Guerra, alikusudia kuonyesha mwaka mzima wa mji mdogo wa pwani chini ya utawala wa Mussolini, dikteta wa Italia na kiongozi wa mafashisti. Mambo huanza baridi inapokwisha, watu wakichoma sanamu ya kikongwe uwanjani, na huishia majira yale yale yanaporudi, Gradisca, mrembo wa mji, akiwa anaolewa. Katikati kuna shule, maungamo kanisani, mlo wa familia unaogeuka ugomvi na msiba wa mama, na hakuna tukio linalolazimika kuzaa jingine. Anayefuatilia hatima ya Titta, kijana tunayekutana naye mara kwa mara katika filamu, atachoka, na siwezi kumlaumu.

Walioipenda, bila shaka, walivutiwa na muziki wa Nino Rota, na tausi anayetanua mkia kwenye theluji, na babu anayepotea katika ukungu mbele ya nyumba yake mwenyewe, akisema kwamba kama kifo ndivyo kilivyo, basi si jambo zuri. Hata hivyo, anayeipenda kwa utamu wa kumbukumbu peke yake naye ameitazama nusu.

Tazameni tena usiku ule ambapo santuri iliyofichwa katika mnara wa kanisa inapiga wimbo wa kimataifa wa wafanyakazi, yaani wimbo wa wasoshalisti, wapinzani wa mafashisti. Mafashisti wanaufyatulia mnara risasi, kisha wanamkamata Aurelio, baba yake Titta, wanamhoji na kumlazimisha kunywa mafuta ya nyonyo, ambayo huharisha. Anarudi nyumbani amejichafua, na mkewe Miranda, ambaye kwa kawaida hugombana naye kila siku, anamwosha. Adhabu hiyo haikubuniwa kwa ajili ya filamu, kwa kuwa mafashisti wa Italia waliitumia kweli kuwadhalilisha wapinzani wao. Na mji uliotendewa hayo ndio uliokuwa umemshangilia kiongozi wa chama alipowasili, hata mvulana mmoja akajiona katika ndoto akifungishwa ndoa mbele ya uso mkubwa wa Mussolini uliopambwa kwa maua. Fellini mwenyewe aliueleza ufashisti kuwa aina ya ubalehe usiokwisha, yaani hali ya watu kumwachia mtu mwingine wajibu wao wa kufikiri. Kwa maoni yangu, hilo ndilo linaloziunganisha sehemu zote ambazo kwenu zilionekana kutawanyika.

Ndiyo maana pia meli ya Rex, fahari ya Italia ya wakati huo, inapita juu ya bahari ambayo ni dhahiri kwamba ni plastiki inayotikiswa studioni Cinecittà. Watu wamekesha ndani ya mashua kuingoja, na mpiga kodiani kipofu anauliza inafananaje. Mtazamaji anaonyeshwa waziwazi kwamba fahari hiyo imetengenezwa.

Kuhusu wanawake, malalamiko yenu yana uzito. Watetezi husema kwamba tunaona kwa macho ya wavulana, nao wavulana hao wanachekwa, lakini utetezi huo haumpi Volpina, mwanamke anayejulikana mjini kwa tamaa yake ya wanaume, wala mwanamke muuza tumbaku nafasi ya kuwa mtu kamili. Gradisca amepata dakika chache tu, usiku ule wa mashua, za kusema kwamba anatamani familia na watoto. Tuzo ya Oscar ambayo filamu ilipata mwaka 1975 haiondoi kasoro hiyo.

Kwa wenzako wanaopenda kisa kinachofuatika, napendekeza I vitelloni ya mwaka 1953, ambamo Fellini huyo huyo anasimulia kwa uzi ulio wazi zaidi habari za vijana wa mji wa pwani wasiotaka kukua.