Binti yangu kaingia timu ya roboti, itamfikisha wapi?

SWALI: Shangazi, habari za kazi. Binti yangu yuko fomu tuu hapa Morogoro, tangu mwaka huu uanze kajiunga na timu ya roboti shuleni kwao basi nyumbani hakuna amani tena. Jumamosi nzima hayupo, anarudi jioni vidole vimeungua na ile risasi ya kuungia waya, leo anataka hela ya betri kesho ya mota. Baba yake kasema aache ashike daftari maana NECTA haiulizi roboti. Mi niko katikati sijui nimtetee nani. Hivi kweli atakuja kuwa injinia au ndo michezo tu ya watoto?
Mama wa Morogoro

JIBU: Mama mwenzangu, pole na hongera vyote kwa pamoja. Uinjinia sikuahidi, na atakayekuahidi anakudanganya. Ila ngoja nikupe kisa cha kweli.

Mwaka 2004 kule Phoenix, Arizona, vijana wanne wa sekondari ya Carl Hayden, watoto waliotoka Mexico na hawana makaratasi, walitengeneza roboti ya kuzama majini kwa mabomba ya plastiki kama haya ya fundi bomba wetu, gharama kama dola 800 hivi, wakaenda nayo mashindanoni California wakaingia kundi la vyuo vikuu, sio la sekondari wenzao. Kufika kule boksi la umeme likavuja maji. Mmoja wao, Lorenzo Santillan, akawaza zile tamponi za akina mama za hedhi si zinanyonya, wakanunua dukani wakazijaza humo ndani, ikakubali. Wakatoka wa kwanza, MIT, kile chuo kikuu maarufu cha teknolojia Marekani, wa pili.

Wengi wakisimulia wanaishia hapo, mi napenda kilichofuata. Oscar Vazquez alimaliza uinjinia wa mitambo 2009, ikabidi arudi kwanza Mexico ndo apate viza, aliporudi Marekani akaingia jeshini. Cristian Arcega alianza chuo akaishia njiani maana Arizona ilipandisha ada kwa wasio na makaratasi. Lorenzo mwenyewe na Luis Aranda wakawa wapishi, wakafungua biashara ya kupika kwenye shughuli za watu. Yani ushindi mmoja, watoto wanne, na aliyewaza lile wazo la tamponi akaishia jikoni.

Sasa mi sioni kama hapo kuna aliyepotea. Mtoto aliyeona kitu chake kinaharibika mbele za watu na akabaki pale pale akakitengeneza na wenzake, huyo hata ukimpa jiko au duka hatakaa akulilie simu kila siku. Shuleni ukikosa swali unapigwa X basi, kwenye roboti ukikosa unarudi unakagua waya mpaka usiku.

Ila muulize binti, kwenye timu anafanya nini hasa? Maana kuna wa vyuma, wa waya, wa programu, wa kuandika ripoti na wa kujibu majaji, na mara nyingi (samahani walimu) wasichana wanasukumiwa kupamba bango. Kama vidole vinaungua basi wako yuko kwenye kazi yenyewe, mshukuru Mungu kidogo.

Baba naye ana hoja, msimpuuze. Kaeni watatu mkubaliane, Jumamosi ya roboti, Jumapili jioni hesabu, na matokeo yakishuka anapumzika timu muhula mmoja. Ila mwambie baba kwamba umeme na mashine rahisi ni fizikia hiyo hiyo anayosoma darasani. Hela usitoe kwa maneno, omba orodha kwa mwalimu, na mota nyingine zinatoka kwenye printa mbovu, fundi redio wa mtaani anazo kibao anauza bei ya soda.

Vidole sasa: waya ashike kwa koleo sio mkono, na akae dirishani, ule moshi sio wa kuvuta.