Losheni ya steroidi kwenye kipara cha duara, yaliyonikuta

Mkuu uliyeuliza kama losheni ya steroidi inarudisha nywele, inarudisha, ila inategemea zimenyonyoka kwa sababu gani na hapo ndo wengi tunapotea.

Mimi kinyozi ndo alinishtua, "kaka huku nyuma una kaduara", kushika nakuta laini kama kiganja, hakuwashi wala hakana magamba. Daktari wa ngozi akachungulia na lenzi, pembeni ya duara kuna vinywele vifupi vyembamba chini vinene juu, akasema hii alopesia areata, yani kinga ya mwili wako mwenyewe inashambulia mashina ya nywele. Steroidi inaituliza hiyo kinga pale unapopaka, sio mbolea. Kwahiyo kama ni upara wa kurithi ule wa utosini na pembeni ya paji, usihangaike nayo.

Nikapewa losheni ya steroidi inaitwa klobetasoli, ya asilimia 0.05, kidogo tu juu ya kipara mara mbili kwa siku, nirudi baada ya wiki 6. Wiki ya 4 sioni kitu, nikaona huyu ananichelewesha, nikawa naimwaga mara nne tano kwa siku. Aisee! Ngozi ikawa nyembamba inang'aa, vimishipa vyekundu vinaonekana, na vichunusi juu. Kurudi nikasemwa kama mtoto, dawa ikasimamishwa, ngozi ilivyotulia ndo nikachomwa triamsinoloni, nayo steroidi ila ya sindano, vijisindano vidogovidogo palepale kwenye kipara (inauma, nisikudanganye), tukarudia baada ya wiki 6. Vikaanza kutoka vinywele vyeupe nikajua nimezeeka ghafla, kumbe ndo kawaida yake, weusi ulikuja baadae. Siwezi kuapa ni sindano lakini, maana kipara kidogo kama kile mara nyingi hujiotea chenyewe ndani ya mwaka.

Afu kuna hili, shemeji yangu alichukua chupa yangu akampaka mwanae mwenye mapunye. Siku mbili tatu wekundu ukapungua tukafurahi wote, kumbe fangasi inatambaa kimyakimya, mtoto akaishia kumeza dawa za fangasi wiki kibao maana za kupaka peke yake hazifiki kwenye shina la unywele. Losheni ilikua yangu na mimi nilikuepo anapakwa, sikusema kitu.

Sasa la kwako likoje, laini au lina magamba? Kama lina magamba au usaha iache hiyo chupa mpaka upimwe.