Kabla hujamwaga tipa ya kwanza: kwa vijana wa mandhari Dodoma

Wadogo zangu mnaoingia fildi hii ya kutengeneza nyua na bustani msimu huu, nina ugomvi nanyi. Majuzi nimepita kwenye kiwanja kimoja Nzuguni, nikakuta vijana wamechuchumaa wanapanga pevingi, zile tofali za zege za kutandika uani, juu ya vumbi. Si mchanga, ni vumbi. Kebu, yale mawe ya zege ya kushikilia kingo, zimeegemezwa ukutani hazijaguswa, na kompakta, mashine ya kushindilia, imelazwa chini ya mti imefunikwa turubai. Kuuliza, naambiwa: "Kaka, mteja anahamia Jumamosi." Haya, Jumamosi atahamia. Januari atapiga simu.

Tangu Serikali ihamie na mji wake wa Mtumba uanze kujengwa, kazi zimejaa mji huu, na kila mwenye beleshi amekuwa mtaalamu wa mandhari. Sikatai, riziki ni riziki. Lakini makosa ni yaleyale tuliyoyafanya sisi, na mnayarudia kwa kujiamini kuliko sisi.

1. Anza na maji. Hata kama ni Agosti na upepo unakujaza mchanga machoni, anza na maji. Dodoma inapata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, mtu akisikia hivyo anadharau. Hiyo karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Fanya hesabu hii ukiwa umesimama kwenye kiwanja: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ua wa pevingi wa mita za mraba 300, mvua ya milimita 40 jioni moja, ni lita 12,000. Matenki kumi na mawili ya lita elfu, yote yamefika kwako ndani ya saa chache yanauliza njia. Kama huna jibu, yatajijibu yenyewe kupitia sebule ya mteja.

Mteremko wa pevingi ni 1 kwa 50, yaani sentimita 2 kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Nasema mbali na nyumba kwa sababu nimeona ulioelekea mlangoni, na fundi wake bado anaringa mtaani. Huna mashine ya kupimia? Mpira mwangavu uliojazwa maji unatosha kulinganisha urefu, ila toa mapovu kwanza.

2. Udongo. Kile kichanga chekundu cha miinukoni ni rafiki, kikishindiliwa vizuri kinakubali. Ukikuta ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi nyufa za kuingiza mkono, simamisha kazi. Ukilowa unavimba kama donge la maandazi, ukikauka unasinyaa, na chochote ulichoweka juu kitapanda na kushuka nao. Chimba uutoe, jaza moramu, ule udongo wa changarawe, shindilia kila tabaka la sentimita 15 ukiwa umelimwagia maji. Moramu kavu haishindiliki, hata ulale na kompakta. Mwambie mteja gharama hiyo mapema, kabla hajanunua pevingi za rangi.

3. Pevingi za kutembea unene milimita 60, za magari 80. Kebu kwanza, kwenye zege. Mchanga wa kulazia sentimita 3 hadi 5 na si zaidi. Mashimo ya chini yanazibwa kwa moramu, hayafichwi kwa mchanga. Viungo vijazwe mchanga mkavu, laini. Endelea.

4. Kuta za kushikilia udongo. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimepewa ufomeni, nikatembea na tepu kiunoni hata siku nisiyopima kitu. Tukapata kiwanja cha mteremko upande wa Iyumbu, bustani ya ngazi tatu, na kila ngazi ina ukuta wa mawe wa mita 1.5. Mchoro ulikuwa wazi kabisa: nyuma ya ukuta kokoto upana wa sentimita 30, kitambaa cha kuchuja kati ya kokoto na udongo, na vipande vya bomba vinavyotoboa ukuta ili maji yatoke. Ilikuwa Septemba. Ardhi imekauka mpaka sururu inatoa cheche. Nikatazama bei ya kokoto, nikatazama anga, nikaamua mchoraji alikuwa anawaza Bukoba kwenye mvua nyingi.

Tulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, Mgogo, ameanza kujenga kwa mawe kabla sijazaliwa. Akaja taratibu, akaniita pembeni. "Fomeni, maji ya nyuma yatapita wapi?" Nikamjibu kwa sauti, vibarua wasikie: "Mzee, hapa maji yenyewe tunanunua kwa boza!" Wakacheka. Nikafurahia kile kicheko, nikakirudia na jioni kwenye chai. Mzee hakucheka, akarudi kwenye mawe yake.

Basi tukajaza nyuma ya ukuta udongo uleule tuliochimba, wenye mfinyanzi, toroli juu ya toroli, bila kushindilia tabaka hata moja. Juu tukapanda bogonvilia. Nikapiga picha, nikaziweka sitetasi. Mteja akalipa, akanipa na ya soda.

Mvua ya kwanza kubwa ya Januari ilinyesha usiku. Asubuhi simu ikaita, na mteja alikuwa mpole sana. Mteja akigomba una nafuu. Akikuita "mdogo wangu, hebu njoo kidogo uone," jua mambo yameharibika. Nilipofika, ukuta wa kati ulikuwa umetoa kitambi. Haukuanguka, ulikuwa umeinamia mbele, umepasuka katikati, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanavuja kwenye viungo vya mawe. Yalikuwa yanatafuta yale matundu niliyoyaona ya kifahari.

Hesabu yake nilikuja kuifanya baadaye, nikiwa na muda mwingi wa kufikiri. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 1.5, yanausukuma kwa nguvu ya zaidi ya tani moja kwa kila mita ya urefu wake. Hayo ni maji peke yake, udongo haujaanza kudai chake. Ukuta wangu ulikuwa wa mita ishirini. Yaani niliegesha malori nyuma yake, halafu nikapanda maua.

Tukaubomoa. Mawe tuliyaokoa, saruji haikuokoka, na malipo ya vibarua yalitoka kwangu. Ilibidi nimfuate yule mzee nyumbani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akanikaribisha, akasikiliza, akauliza swali moja: "Mabomba umeleta?" Tulipoujenga upya alitaka matundu kila mita moja na nusu, safu ya chini iwe juu kidogo tu ya ardhi ya mbele. Kila alipoweka bomba alinitazama, na mimi nilibeba kokoto kwa ndoo bila kusema neno. Ningependa kuambiwa maneno makali, yangepita haraka.

Kwa hiyo nikikukuta unajenga ukuta bila matundu nitapiga kelele, na usiniambie ni kiangazi.

5. Zege. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, tengeneza boksi la ukubwa huo, la sentimita 40 kwa 35 kwa 25, acha mambo ya toroli lililojaa na toroli la wastani. Mchanga wenye unyevu huvimba, kwa hiyo boksi lake lina mchanga pungufu kuliko unavyodhani. Mchanga wa makorongo pima kwenye chupa ya maji: tikisa, uache utuame, tope likiwa nene juu, rudisha tipa. Zege lisiachwe kwenye upepo wa Julai bila magunia mabichi. Siku saba linywe maji, hata Jumapili, hata kama mlinzi analalamika.

6. Nyasi. Mteja akitaka kapeti la kijani la mita 200 za mraba, mpe hesabu kabla ya bei: kiangazi chetu ni lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, ni tenki la lita elfu kila siku. Wengi hapo hapo hugeukia kokoto, migunga na bogonvilia, na bustani zao zinadumu. Mwarobaini uupande mvua inapoingia, shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu urudi chini, na ujenge kisahani cha kushika maji kuzunguka shina. Uzio wa miiba uwekwe siku ileile, mbuzi wa Dodoma hawasubiri wiki ya pili.

Na vigingi vya kupimia tumieni vipande vya nondo. Vya mbao mkiviacha ardhini kwa muda, mchwa watakula vipimo vyenu vyote, na mtaanza kulaumiana nani amesogeza uzi.