Upweke katikati ya marafiki wengi

Ndugu, unauliza kama ni ugonjwa kujihisi mtupu ilhali simu yako imejaa marafiki na pongezi. Si lazima. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Austria aliyenusurika kambi za Wanazi, aliuita utupu huo ombwe la kiudhanaishi, yaani hali ya kuona maisha hayana maana, akasisitiza kwamba maana hupatikana katika kazi, katika kumpenda mtu, na hata katika namna tunavyoyakabili mateso yasiyoepukika. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, naye alieleza kwamba mtu hukua anapokubaliwa bila masharti. Pongezi za mtandaoni (hata mimi huzihesabu) huja na sharti la kupendeza. Kabla ya kuweka picha nyingine, mpigie mmoja unayemwamini, umweleze ukweli hata sauti ikitetemeka. Usingizi ukikupotea kwa majuma mawili, muone mtaalamu.